Ni dhana zipi potofu kuhusu mazingira zinazodhuru uhifadhi wenyewe?

Mwalimu wa Klabu ya Mazingira (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa mabango ya maonyesho ya wanafunzi kuhusu uhifadhi wa mazingira, na wiki hii nimelazimika kusimamisha kazi nikiwa katikati. Nilipokuwa nikihakiki bango la kwanza, lililosema kwamba dunia inazidi kupata joto kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka na jua linapenya moja kwa moja, niligundua kwamba maelezo hayo si sahihi, ingawa nimeyafundisha kwa miaka mingi na wanafunzi wameyaandika katika insha zao nami nikawapa alama kamili. Nikaanza kuyatilia shaka na mabango mengine: lile linaloita misitu mapafu ya dunia, lile linalosema kwamba kuyeyuka kwa barafu inayoelea baharini ndiko kunakopandisha kina cha bahari, na lile linalohimiza kila mtu apande mti mahali popote penye nafasi.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa siwezi kurekebisha kila kitu kwa wakati mmoja, ni dhana zipi ambazo kosa lake lina madhara ya kweli, na zipi ni kurahisisha tu maelezo? Pili, nitazirekebishaje bila wanafunzi kuona kwamba yote waliyofundishwa ni uongo, wakaishia kutoamini lolote? Jambo hili linanikosesha utulivu, kwa sababu watoto hawa wana moyo wa kutenda, nami sitaki moyo huo uelekezwe mahali pasipofaa.

Mfuatiliaji wa Angahewa

Mwalimu, hongera kwa kusimama badala ya kuyaacha mabango yaende jinsi yalivyo. Kipimo ninachokitumia mimi ni kumuuliza mtu angefanya nini kesho iwapo dhana yake ingekuwa kweli. Ikiwa juhudi zake zitaelekea mahali pasipohusika na tatizo, dhana hiyo ina madhara hata kama imebebwa na nia njema. Kwa kipimo hicho, bango lako la kwanza linastahili kurekebishwa kabla ya mengine yote, kwa sababu anayeamini kwamba joto linaingia kupitia tundu la ozoni ataacha kutumia makopo ya kupuliza manukato, kisha ataona kwamba wajibu wake umekwisha, ilhali makaa ya mawe, mafuta na gesi vinaendelea kuchomwa.

Tabaka la ozoni liko takriban kilomita 15 hadi 35 juu yetu, na kazi yake ni kuzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo husababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Kinachoitwa tundu ni kupungua sana kwa ozoni juu ya Antaktika, jambo linalojirudia kila majira ya machipuko ya huko kusini, na ambalo wanasayansi wa Uingereza walilitangaza mwaka 1985. Chanzo kikuu kilikuwa klorofluorokaboni, yaani gesi zilizotumika katika majokofu, viyoyozi, makopo ya kupulizia na utengenezaji wa sponji. Mario Molina na Sherwood Rowland walikuwa wametoa onyo kuhusu gesi hizo tangu mwaka 1974.

Ongezeko la joto lina njia yake tofauti. Mwanga wa jua huingia na kupasha ardhi na bahari, kisha joto hilo hupanda kurudi angani. Mvuke wa maji, kaboni dioksidi na methani hunasa sehemu yake na kuirudisha chini. John Tyndall alilipima jambo hili maabara mwaka 1859, kabla mtu yeyote hajafikiria tundu la ozoni. Kwa hiyo kinachobadilika ni njia ya joto kutoka, ambayo inazidi kuwa nyembamba kadiri gesi hizo zinavyoongezeka: vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 kaboni dioksidi ilikuwa takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa, na sasa imevuka 420.

Wanafunzi wanaweza kulifikia hili wenyewe kwa maswali mawili. Kama joto lingekuwa linapenya kutoka kwenye jua kupitia tundu, lingeonekana zaidi mchana, lakini katika miongo mingi iliyopita halijoto za usiku zimepanda kwa kasi kuliko za mchana katika sehemu kubwa ya nchi kavu. Na kama tundu lingekuwa ndilo mlango, eneo linalopata joto haraka zaidi lingekuwa Antaktika, lakini eneo hilo ni Aktiki, upande wa pili wa dunia.

Kuhusu swali lako la pili, usiwaambie kwamba walichojifunza ni uongo mtupu, kwa maana hakikuwa hivyo. Klorofluorokaboni zenyewe pia hunasa joto, tena kwa nguvu kubwa sana, na hapo ndipo mambo haya mawili yalipochanganyika. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ulioridhiwa na nchi zote duniani, ulipunguza gesi hizo kiasi kwamba wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanatarajia ozoni ya juu ya Antaktika irejee katika hali ya mwaka 1980 ifikapo takriban mwaka 2066. Gesi nyingi zilizochukua nafasi yake, za kundi la hidrofluorokaboni, haziharibu ozoni lakini hunasa joto, ndiyo maana nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kuzipunguza hizo pia. Simulizi hii nzima, ya kosa moja kutatuliwa na jingine kugunduliwa ndani ya suluhisho, ingetosha kujaza bango.

Bango la barafu ni rahisi zaidi kulirekebisha. Barafu inayoelea tayari imesukuma maji yanayokaribia sana kuwa sawa na yale itakayoyatoa ikiyeyuka, hivyo haipandishi bahari kwa kiwango cha kuhesabika. Kinachopandisha bahari ni barafu iliyoko nchi kavu, pamoja na maji yenyewe kutanuka yanapopata joto. Barafu ya Greenland peke yake ikiyeyuka yote ingepandisha bahari kwa takriban mita 7. Jaribio la glasi mbili, moja ikiwa na barafu inayoelea na nyingine ikiwa na barafu iliyoegeshwa juu ya jiwe, linatosha darasani.

Afisa Misitu Mstaafu

Nimefanya kazi ya misitu kwa muda mrefu, na bango la mapafu ndilo linaloniuma, kwa sababu nimeona likitumika kuhalalisha mambo yaliyoharibu ardhi.

Tuanze na oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21, na hazina hiyo ilijengeka kwa mamilioni ya miaka, kadiri mabaki ya mimea na viumbe vidogo yalivyofukiwa chini bila kuoza. Msitu uliokomaa hutengeneza oksijeni nyingi mchana, lakini miti yenyewe huivuta usiku na mchana, na kuvu, bakteria na mchwa wanaoozesha majani na magogo huitumia sehemu kubwa ya iliyobaki, hivyo hesabu ya mwisho hukaribia sifuri. Aidha, karibu nusu ya usanisinuru wote duniani hufanywa na vimea vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho. Moto ulipowaka Amazon mwaka 2019, viongozi na watu mashuhuri walirudia kwamba msitu ule hutupatia asilimia 20 ya oksijeni yetu. Walikuwa sahihi kuhuzunika, ila sababu waliyoitoa haikuwa sahihi.

Kwa nini nasema kosa hili lina madhara? Kwa sababu likishafichuliwa, mtu asiyependa uhifadhi hupata silaha: anasema, basi kama hatutakosa pumzi, kateni. Naye anayependa uhifadhi hubaki na kipimo kibovu, kwani kama kazi ya msitu ni kutoa oksijeni, basi shamba la mikaratusi iliyopangwa mistari lina thamani sawa na msitu wa miaka mia tatu, na uwanda wa nyasi ni ardhi tupu inayosubiri miche. Thamani halisi ya msitu iko katika kaboni iliyohifadhiwa ndani ya mashina, mizizi na udongo. Iko katika viumbe wasioweza kuishi kwingine. Na iko katika maji. Mvuke unaopanda kutoka Amazon husafirishwa na upepo na kunyesha mvua mamia na maelfu ya kilomita mbali, kusini mwa bara hilo. Anayeukata msitu ule anagusa mazao ya mkulima ambaye hajawahi kuuona.

Hapo tunafika kwenye bango la kupanda popote, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika eneo la Flow Country, kaskazini mwa Scotland, kuna ardhioevu kubwa ya peti, yaani udongo mweusi wa mimea ambayo kwa maelfu ya miaka ilishindwa kuoza kabisa kwa sababu imezama majini. Ardhi za namna hii hufunika takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini hubeba kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote ikijumlishwa. Katika miaka ya 1980, wawekezaji wakivutwa na nafuu ya kodi, mitaro ilichimbwa ili kuyatoa maji, na misonobari ya kigeni ikapandwa juu yake. Peti ikakauka na kuanza kuoza, kaboni iliyolala humo ikaanza kutoka, na ndege waliozoea kutaga katika ardhi tambarare na yenye maji wakapoteza makazi. Nafuu hiyo ya kodi iliondolewa mwaka 1988, na kwa miaka mingi sasa wahifadhi wanafanya kazi ambayo mtoto aliyesoma bango lako angeiona kuwa uhalifu: wanakata miti na kuziba mitaro ili maji yarudi. Mwaka 2024 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Afrika Kusini nayo ilianza mwaka 1995 programu ya kitaifa ya kung'oa miti vamizi, ikiwemo akasia kutoka Australia, misonobari na mikaratusi, kwa sababu ilikuwa ikinyonya maji mengi kuliko uoto wa asili na kupunguza mtiririko wa mito. Na katika savana, sehemu kubwa ya kaboni iko chini ya ardhi, kwenye mizizi na udongo. Ukiziba jua kwa miti iliyosongamana, nyasi hufa, na wanyama wanaozitegemea huondoka.

Sisemi watu waache kupanda. Nasema waulize kwanza ardhi ile ilikuwa na nini kabla haijaharibiwa, kwa kuwa mara nyingi jibu halihitaji mche hata mmoja. Nchini Niger, katika mikoa ya Maradi na Zinder, wakulima tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakiyalinda na kuyapogoa machipukizi ya visiki vilivyokuwa bado hai chini ya mashamba yao, njia ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la kisiki hai. Eneo lililorejeshewa miti kwa njia hiyo linakadiriwa kufikia hekta milioni 5. Mizizi ilikuwa pale siku zote. Kilichohitajika ni watu kuacha kuikatia machipukizi, na sheria kumtambua mkulima kuwa mwenye mti.

Mchambuzi wa Taka

Naongeza kwa kifupi kuhusu plastiki, kwa kuwa sidhani kama kuna maonyesho ya mazingira yasiyo na bango lake. Ile alama ya mishale mitatu yenye namba kuanzia 1 hadi 7 ilianzishwa na wenye viwanda vya plastiki nchini Marekani mwaka 1988 ili kutambulisha aina ya plastiki, wala haithibitishi kwamba chombo hicho kitarejelezwa. Katika taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, zilizorejelezwa zilikuwa takriban asilimia 9, zilizochomwa asilimia 12, na zilizobaki zikaishia madampo au kutapakaa katika mazingira. Kwa hiyo, ukitumia kipimo cha mchangiaji wa kwanza, anayeiamini alama hiyo hununua chombo cha kutumia mara moja bila wasiwasi, akidhani kwamba amekwisha kukitafutia pa kwenda.

Vivyo hivyo kwa plastiki zinazoitwa za kuoza. Nyingi kati ya hizo, hasa zinazotengenezwa kwa asidi polilaktiki, yaani plastiki itokanayo na sukari ya mimea, huoza vizuri katika mitambo maalumu ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Zikitupwa baharini au mtaroni hukaa muda mrefu sana. Na kile kinachoitwa kisiwa cha taka katika Bahari ya Pasifiki si kisiwa ambacho mtu anaweza kukikanyaga. Ni eneo pana ambalo vipande vidogo vimetawanyika majini, ingawa kwa uzito karibu nusu ya plastiki inayoelea humo ni nyavu za uvuvi. Anayedhani ni kisiwa hufikiri kwamba meli moja kubwa ingetosha kukizoa.

Msomaji wa Siku Nyingi

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naona kipimo chenu kimeacha nje kundi moja. Mnazungumzia dhana zinazompeleka mtu mahali pasipofaa. Mimi naogopa zaidi zile zinazomfanya asitende lolote.

Ya kwanza ni ile kwamba volkano hutoa kaboni dioksidi nyingi kuliko binadamu, hivyo juhudi zetu ni bure. Volkano zote, za nchi kavu na za chini ya bahari, hutoa kwa mwaka tani milioni mia chache, wakati uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Hiyo ni tofauti ya karibu mara mia. Tena mlipuko mkubwa hupoza dunia kwa muda, kama Pinatubo ya Ufilipino ilivyofanya baada ya mwaka 1991, kwa sababu salfa inayorushwa juu huakisi mwanga wa jua. Hapa Afisa Misitu ametupatia ushahidi bila kukusudia. Uchomaji hutumia oksijeni, volkano haihitaji. Na vipimo makini vinaonyesha kwamba kaboni dioksidi inapopanda, oksijeni ya hewani hupungua kidogo sana, kwa namna inayolingana na kitu kinachochomwa. Upungufu huo hauwezi kumnyima mtu pumzi, lakini unatosha kumtambulisha mhusika.

Ya pili ni kwamba uhifadhi haujawahi kufaulu na spishi zilizopungua zitatoweka tu. Sensa ya gorila wa milimani katika safu ya Virunga mwaka 1981 ilihesabu 254. Ile ya mwaka 2015 na 2016 ilihesabu 604, na wakijumlishwa na wale wa Bwindi idadi ilivuka 1,000. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, uliwaondoa katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka na kuwaweka daraja moja chini yake. Hilo lilitokea katika eneo lenye watu wengi na lililopitiwa na vita, kwa kazi ya askari wa wanyamapori, madaktari wa mifugo na wafuatiliaji wanaotoka katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Nalitaja pia kwa sababu watu wengi huamini kwamba uhifadhi ni kuwaondoa wanadamu na kujenga uzio, na kwa imani hiyo jamii nyingi zilihamishwa kwa nguvu kutoka katika ardhi walizozitunza kwa vizazi. Gorila hawa wasingekuwapo leo bila majirani zao.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukimaliza kusahihisha, hakikisha bango moja linaeleza kilichofanikiwa na jinsi kilivyofanikiwa. Mtoto akisikia makosa kumi mfululizo bila kusikia hata fanikio moja, hutamlaumu akikata tamaa.

Mwalimu wa Klabu ya Mazingira

Nawashukuru sana nyote. Nimekubaliana na wenzangu shuleni kwamba bango la ozoni litagawanywa mara mbili, sehemu moja ya mionzi na nyingine ya joto, na katikati tutaweka hadithi ya kutoka Montreal hadi Kigali. Gorila wa milimani watapata bango lao. La mapafu tumeliondoa, na mahali pake tumeandika: "Msitu hutunza kaboni, viumbe na maji. Panda miti ili mvua inyeshe na chemchemi zisikauke." Pia tuna ubao wa kuonyesha idadi ya miche ambayo klabu imepanda tangu ilipoanzishwa. Je, maneno hayo yako salama?

Afisa Misitu Mstaafu

Sentensi ya kwanza iko sawa. Ya pili naomba uibadilishe, kwa sababu inarudisha kosa lile lile kwa mlango mwingine. Msitu wa asili uliokaa mahali pake hupunguza kasi ya maji ya mvua na kuyaacha yazame ardhini, lakini miti inayokua haraka ikipandwa kwa wingi karibu na chemchemi inaweza kuikausha chemchemi hiyo hiyo uliyotaka kuilinda. Kuhusu mvua, misitu mikubwa kama ile ya Amazon na Kongo huilisha kweli, lakini shamba dogo la miti haliwezi kuahidiwa kwa mtoto kwamba litaleta wingu. Ningeandika: "Linda msitu wa asili uliopo kwanza. Palipoharibika, acha visiki vichipue. Ukipanda, panda mti wa mahali hapo."

Na ule ubao wa miche usiuondoe, ila uongeze safu ya pili pembeni ya idadi iliyopandwa, yenye kichwa "Iliyo hai leo". Wapeleke wanafunzi wakahesabu wenyewe kabla ya maonyesho, waandike namba watakayoikuta hata ikiwa ndogo, kisha warudi kuhesabu tena mwakani.